Eko ya moyo yenye streni: uzoefu wangu Mbeya, mashine mbili, majibu mawili

Kipimo hiki cha moyo nakipa nyota nne. Ya tano nimeibakiza, na sababu yake si mashine.

Natibiwa saratani ya titi. Mojawapo ya dawa zangu ni doksorubisini, ile nyekundu ambayo ukienda haja ndogo siku hiyo unadhani unatoa damu. Kwa baadhi ya watu dawa hii huumiza misuli ya moyo, kwa hiyo daktari alitaka nipimwe kabla ya dozi ya kwanza na tena katikati ya matibabu. Kwenye karatasi aliandika "eko pamoja na streni". Eko, yaani ultrasaundi ya moyo, watu wanaijua. Hiyo streni, yaani kipimo cha jinsi misuli ya moyo inavyofupika inapobana, ndiyo iliyonipandisha coaster ya asubuhi kutoka Tukuyu, maana huku nyumbani kila niliyemuuliza aliishia kuitazama ile karatasi na kunirudishia.

Kliniki ya kwanza sina neno nao. Unalala ubavu wa kushoto, mkono chini ya kichwa, unabandikwa nyaya tatu kifuani, unapakwa jeli (Mbeya na baridi ya Juni, hebu fikiria). Mpimaji alikuwa kijana mpole. "Mama, vuta pumzi, toa yote, shikilia hapohapo." Tulirudia hadi nikachoka, kwa sababu alihitaji picha tatu za chumba cha kushoto cha moyo, kila moja kwa pembe yake, na kuta zote zionekane hadi nchani.

Nilimuuliza mashine inapimaje. Akanionyesha kwamba nyama ya moyo kwenye ultrasaundi ina madoadoa ya kijivu, na kila kipande kina mpangilio wake. Programu inalishika doa na kulifuata picha hadi picha moyo unapobana na kuachia, kama unavyomfuata ng'ombe wako kwa mabaka yake akiwa katikati ya kundi. Mwisho inakokotoa ukuta umefupika kwa asilimia ngapi. Ukuta wa moyo wenye afya hufupika kama asilimia 20. Wangu ulitoka -20.1, na ile alama ya kutoa ilinishtua mpaka nilipoelezwa kwamba ni kwa sababu misuli inapungua urefu. Halafu ikaja picha ya duara lenye vipande 17, karibu vyote vyekundu. Nikajua nimekwisha. Kumbe hapo wekundu ndio uzima!

EF yangu, yaani asilimia ya damu ya chumba cha kushoto inayosukumwa nje kila pigo, ilikuwa 62. Daktari alisema hiyo inaweza kubaki nzuri wakati misuli imeshaanza kulegea, na streni ndiyo huwahi kuonyesha.

Baada ya dozi ya pili nilienda kwingine, nikifuata wepesi wa bei na foleni. Hapo ndipo nyota ilipopotea. Hakuna aliyenipima presha, wakati presha ikipanda streni hushuka. Hakuna aliyeniambia nishike pumzi. Dakika kumi, nikapewa karatasi: -16.8. Kibaya zaidi, mtu wa mapokezi ndiye aliyeniambia "moyo umeshuka, mama, kamwone daktari wako."

Nilirudi Tukuyu bila kuongea na mtu garini. Siku tatu sikulala. Nilijua hesabu yenyewe: ikipungua zaidi ya asilimia 15 ya kile ulichoanza nacho, madaktari wanaanza kuwaza dawa za kulinda moyo. Yangu ilikuwa imepungua 16.

Daktari wangu alipoiona karatasi hakuuliza habari ya moyo kwanza. Aliuliza, "Umepimwa mashine ileile?" Kila kampuni ina programu yake, na namba za mashine mbili hazilinganishwi kienyeji, tena kwa picha ambayo ukuta mmoja umekatika. Nikarudi kwa yule kijana. Presha kwanza, kisha pumzi, kisha zile picha tatu. Ikatoka -19.4. Nilimwambia ndaga fijo (asante sana, kwa Kinyakyusa), akacheka, naye mtu wa Kyela.

Bei yao ni ya juu na bima yangu haikugusa hata senti. Pia hawakuniwekea picha kwenye flashi hadi nilipodai. Lakini mara ya mwisho, bila kuombwa, kijana aliandika kwa kalamu juu ya majibu jina la mashine, toleo la programu na presha yangu ya siku hiyo. Karatasi hiyo nimeitia kwenye nailoni pamoja na kadi ya kliniki, kusubiri dozi ya nne.