Miezi mitatu na vidonge vya mafuta ya samaki kwa macho makavu

Nilivinunua kwa ajili ya macho tu. Kazi yangu ni kusahihisha maandishi kwenye kompyuta, na ikifika alasiri huwa kama nimetiwa mchanga ndani ya kope. Herufi zinacheza, nikipepesa zinatulia, halafu zinacheza tena.

Mbele ya chupa pameandikwa kwa herufi kubwa: miligramu 1000. Geuza nyuma, usogee karibu na taa, ndipo utaona kwamba hizo 1000 ni za mafuta ya samaki kwa jumla. Omega-3 yenyewe, yaani yale mafuta hasa yanayofanya watu wanunue vidonge hivi, ni 300 tu: EPA 180 na DHA 120, ambazo ni aina zake mbili. Hili limeniudhi sana, maana mtu anayeumwa hununua kwa namba ya mbele.

Kumeza si kazi, japo ni vinene. Nikimeza tumbo tupu, mbweu za samaki hunifuata hadi mchana. Nikimeza katikati ya chakula, hupungua.

Na macho? Mwezi wa pili nilipata nafuu, nikawa tayari kumsifia kila mtu chupa hii. Lakini wiki zile zile nilikuwa nimeanza kukanda kope usiku kwa kitambaa cha maji ya moto, kama daktari wa macho alivyonielekeza. Kwenye kingo za kope kuna vitezi vinavyotoa mafuta ya kufunika machozi yasikauke upesi. Vyangu vilikuwa vimeziba. Baada ya miezi mitatu niliacha vidonge, nikabaki na kukanda na matone ya macho. Nafuu haikuondoka.

Sikushangaa tena niliposoma kuhusu utafiti wa DREAM wa Marekani, uliochapishwa 2018. Watu 535 wenye macho makavu walifuatiliwa mwaka mzima, wengine wakimeza omega-3 miligramu 3000 kwa siku, wengine mafuta ya zeituni. Pande zote mbili zilipata nafuu, bila tofauti ya maana. Na kipimo kile ni sawa na vidonge kumi vya chupa yangu kila siku!

Sitanunua chupa ya pili. Ukiamua kujaribu, na unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, muulize daktari wako kwanza.

Kuhusu kukanda: kitambaa hupoa upesi kuliko unavyodhani. Mimi hukaa na bakuli la maji ya moto yanayostahimilika mkononi, nakichovya na kukikamua tena kila kinapopoa, hadi dakika kumi ziishe.