TAHADHARI: Grili za pikapu zenye masikio ya kubandika zinauzwa kama nzima

Mnaotafuta grili ya Hilux, Nissan Hardbody au Isuzu TFR za zamani, igeuzeni nyuma kabla hamjatoa hela. Kuna wauzaji wa spea zilizotumika wanaochukua grili zilizovunjika masikio, yale yanayoshikwa na skrubu na klipu, wanayabandika kwa supa gluu na unga wa soda, wanapuliza rangi nyeusi ya kopo, kisha wanakwambia "orijino, imetoka Japani". Mtandaoni ndiyo balaa zaidi, maana picha zote zimepigwa mbele, na mbele inang'aa.

Supa gluu ikikauka huwa ngumu kama kioo, hainyumbuki. Sikio la grili linatikiswa muda wote huku joto la redieta likilipiga kwa nyuma. Barabara ya matuta tu inatosha kulikata. Likikatika moja, mzigo unahamia kwa mengine, na grili inaweza kung'oka gari likiwa kwenye mwendo.

Ukishaigeuza, tazama rangi. Plastiki ya miaka 20 huwa imepauka na ina vumbi kwenye kona. Masikio yakiwa meusi tii na kwingine kijivu, yamepulizwa. Pitisha ukucha kwenye shina la sikio, pale linapoungana na fremu: ufa uliozibwa unanasa ukucha. Ukungu mweupe kuzunguka kiungo ni alama ya supa gluu. Kisha lisukume taratibu kwa dole gumba. Lililo zima linapinda kidogo na kurudi. Lililobandikwa hivyo halipindi, au linaalika. Muuzaji akikukataza kugusa, ondoka.

Kutengeneza si kosa, kosa ni kuficha. Sikio likitengenezwa vizuri linadumu, ila muuzaji aseme na bei ishuke. Nyuma ya grili tafuta maandishi ABS au PP, yanayoonyesha aina ya plastiki. Kwa ABS, futa mafuta, piga msasa namba 80, toboa tundu la milimita 2 hadi 3 mwisho wa ufa ili usiendelee, paka epoksi, ile gundi ya mirija miwili inayochanganywa, na uzamishe ndani yake wavu mwembamba wa chuma unaovuka ufa sentimita 2 kila upande. Iache saa 24. Kama kuna kromu, ikwangue mpaka uione plastiki, la sivyo epoksi itashika kromu na kromu itabanduka nayo. PP haishikani na gundi za kawaida kabisa; inataka kuyeyushwa kwa joto na kuchomelewa kwa kijiti cha PP hiyohiyo. Anayekuambia ameibandika PP kwa supa gluu na itadumu anakudanganya.

Wakati wa kufunga, weka washa za mpira na ukaze kwa mkono tu. Matundu yasipolingana, nyoosha kwanza bati la mbele au bampa. Usiivute grili kwa skrubu, maana mengi ya masikio hayo huvunjika hivyo hivyo.