Tiba ya mtoto mwenye changamoto za ukuaji: kliniki au nyumbani?

Kliniki ina vifaa ambavyo sebule haina: mpira mkubwa wa mazoezi, bembea, vyuma vya kushikilia mtoto anapojifunza kusimama. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo (ulemavu wa mwendo unaotokana na ubongo kuathirika mapema) ambaye misuli yake imekaza, ningeanzia huko, mtaalamu wa viungo amshike na kukagua nyonga zake. Tatizo ni muda. Saa moja kwa wiki ni kidogo mno.

Tiba ya nyumbani huingia kwenye maisha yenyewe. Mtaalamu hukaa na mama wakati wa kula, akamwonyesha jinsi ya kumketisha mtoto wima, kidevu kikiinama kidogo ili asipaliwe, kisha akamwachia kijiko. Kesho yake mama anafanya mwenyewe. Mtoto mwenye usonji naye (hali inayoathiri mawasiliano na uhusiano na watu), anayeshtushwa na mahali pageni, mara nyingi hutulia zaidi kwao. Neno "nipe" alilojifunza kwa kikombe chake huweza kulitumia jioni ileile. Ila mzazi naye huchoka, na mtaalamu mzuri humuuliza hali yake kabla ya kumwongezea mazoezi.

Kwa mtoto wa chini ya miaka 3, mimi naegemea nyumbani, mradi mtaalamu arudi mara kwa mara kukagua.