Ol Doinyo Lengai usiku: uzoefu wangu, kwa anayefikiria kwenda

Niseme mapema: nimeshapanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, na Lengai, mlima wa volkano huku kaskazini mwa Tanzania, ulinitoa jasho zaidi. Mtu akisikia mita 2,962 anaudharau, maana Kilimanjaro una 5,895 na Meru 4,566. Lakini Kilimanjaro unapewa siku kadhaa, unapanda kidogo kidogo, na kinachokutesa ni hewa. Lengai hauna huruma hiyo. Njia inakwenda juu moja kwa moja, zaidi ya mita 1,500 za kupanda usiku mmoja, kisha unashuka asubuhi hiyohiyo kabla jua halijakukaanga. Wakala aliyetuuzia safari (simtaji) aliita "matembezi ya usiku". Nilipokuwa nimekumbatia mwamba saa tisa usiku nililikumbuka sana neno lake.

Kufika huko ni safari yenyewe. Kutoka Arusha unapita Makuyuni hadi Mto wa Mbu, halafu unaingia kaskazini chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, unapita Engaruka hadi kijiji cha Engare Sero karibu na Ziwa Natron. Vumbi utakula. Kuna ada za kulipa njiani na kijijini, kwa hiyo kabla ya kulipia safari mwambie wakala akuandikie kila ada na nani anailipa, kisha mkae mkubaliane. Sisi tulibishana vituoni hadi dereva akaanza kuona aibu kwa niaba yetu.

Kambini tulifika mchana, na joto la Natron si la mchezo. Ziwa liko chini, mita 600 hivi kutoka usawa wa bahari, hakuna upepo wa maana. Tulikula mapema tukajilaza. Kulala ni jambo jingine. Kwa ushauri wangu, usipande siku uliyotoka Arusha. Lala usiku mmoja kwanza, nenda kwenye maporomoko ya maji ya Engare Sero au ukawaone heroe ziwani, ndipo usiku unaofuata upande.

Tulianza karibu saa sita usiku. Mlima huu si hifadhi ya taifa kama Kilimanjaro na Meru: usitegemee vibanda, wala maji, wala wapagazi wa kukutangulia kupika chai. Ni wewe, taa ya kichwani na kiongozi wako. Wetu alikuwa kijana wa Kimaasai wa hapohapo, amevaa shuka na katambuga, fimbo mkononi. Mimi nilikuwa na viatu vya bei mbaya nilivyonunua kwa ajili ya Kilimanjaro. Yeye hakuteleza hata mara moja.

Saa mbili za mwanzo ni nyasi na majivu laini, unajiona mjanja. Baadaye mteremko unakuwa mkali. Udongo wa juu ni majivu ya volkano yaliyoganda, na mvua imeyachimba kuwa mifereji. Mahali pengine unapanda ndani ya mfereji huku umetanua miguu, mmoja ukuta huu, mwingine ule. Changarawe zinabiringika chini yako na kumfikia aliye nyuma. Kiongozi alikuwa akirudia jambo moja tu: "Dada, usisimame na vidole, kanyaga mguu wote." Nilipoacha kubishana na miguu yangu nikamsikiliza, mambo yakawa nafuu. Giza pia lina msaada wake, kwa sababu huoni ulikotoka. Mwenzangu mmoja aligeuka akamulika chini, akakaa kitako, na ilibidi abembelezwe muda mrefu.

Karibu na ukingo wa shimo la volkano unaanza kusikia harufu ya salfa, na hapo ndipo fedha yako inarudi. Lengai ni volkano hai, na ndiyo pekee duniani iliyo hai inayotoa lava ya natrokabonatiti, yaani lava yenye magadi mengi. Lava hiyo ina joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi za Selsiasi, karibu nusu ya lava ya kawaida, na ni nyepesi ajabu: inatiririka nyeusi kama oili chafu ya gari, halafu ikikutana na unyevu hewani inabadilika kuwa nyeupe. Ndiyo maana ukiutazama mlima kwa mbali unaweza kuapa kwamba una theluji. Kiongozi alitusimamisha mbali na ukingo, akasema hapa hakuna picha ya kuning'inia. Kuta za shimo ni wima. Kabla ya milipuko ya 2007 na 2008 lava ilikuwa imelijaza shimo, na wapandaji walikuwa wakitembea ndani yake. Milipuko ile ililichimba upya. Yeye alikuwa mtoto wakati huo, anakumbuka majivu yakifunika malisho na wazee wakihamisha ng'ombe. Kwake huu ni mlima wa Engai, wa Mungu, na watu bado wanauendea kwa maombi. Alilieleza hilo bila madoido, kisha akatuomba tusitupe takataka.

Kilele chenyewe kiko kusini mwa shimo, na wachovu huishia ukingoni. Tulifika jua likitoka. Upande wa mashariki Gelai na Kitumbeine, kaskazini Natron lina rangi ya waridi iliyopauka, magharibi kivuli cha mlima kimelala juu ya ukuta wa Bonde la Ufa. Nilipiga picha nyingi, karibu zote mbaya, kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka. Juu kuna baridi ya kweli, hata kama chini mlilala bila shuka.

Sasa kushuka. Watu hawalisemi hili vya kutosha: kushuka ni kubaya kuliko kupanda. Unaona kila kitu, magoti yamechoka, jua linapanda nyuma yako, na sehemu ulizozipanda kwa mikono inabidi uzishuke kwa makalio. Suruali yangu ilitoboka. Glavu ngumu za bustani, zile za bei rahisi, ziliniokoa kuliko kifaa chochote cha gharama, pamoja na fimbo mbili za kupandia. Beba maji lita tatu au zaidi, barakoa ya vumbi, na betri za akiba za taa.

Kwa huduma, kiongozi nampa tano kati ya tano. Bila yeye nisingefika. Wakala nampa mbili, moja ya gari zima na moja ya chapati. Mlima wenyewe naupa tano, ila nisingempeleka mtoto, wala mtu anayeogopa urefu, wala anayetaka kufanyia mazoezi ya Kilimanjaro, maana ni mitihani tofauti. Na kama magoti yako yanalalamika kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, nenda Natron hivyohivyo, vuta kiti kambini jioni, agiza chai. Kutoka chini Lengai unaonekana wote, na hakuna atakayekuuliza kwa nini hukupanda.