TalkBack kwa mtoto asiyeona: miezi saba nyumbani kwetu Wete

Binti yangu ana miaka kumi, haoni tangu kuzaliwa. Mashine ya breili, yale maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole, ipo skuli, ni moja, na jioni haiji nyumbani. Ndipo nikamwashia TalkBack, programu ya kusoma kioo iliyomo ndani ya simu za Android. Hulipii kitu, ni kuingia kwenye mipangilio tu.

Mimi mwenye macho ndiye niliyehangaika. Ukishaiwasha, mguso mmoja unakusomea, kufungua mpaka uguse mara mbili. Yeye siku mbili keshazoea, mimi natafuta pa kuizimia.

Usiku wa kwanza ilisoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. Mamangu, kwenye jamvi anachambua karafuu, akauliza: "Huyo mzungu kaingia saa ngapi?" Kosa langu, sikuwa nimepakua sauti ya Kiswahili. Ukishaipakua, kusoma hakuli bando.

Nilichokipenda hasa ni kwamba ukitaka, inalisoma neno herufi kwa herufi. Mwanangu ng'ombe anamjua kwa mlio na kwa harufu. Siku alipolipitia neno ng'ombe polepole akaniita, "Mama, hapa baada ya g pana kitu, na si herufi. Cha nini?" Nikakaa chini kumweleza, nikimtamkisha ngoma, kisha ng'ombe, mpaka akaisikia tofauti.

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya vitabu, wala si kosa la programu. Kitabu cha skuli nilitumiwa PDF ya kurasa zilizopigwa picha. Mimi naona maandishi, simu inaona picha, haina la kusoma. Hadithi za African Storybook, tovuti ya hadithi za watoto, nilizopakua kwa EPUB, faili la kitabu lenye maandishi yenyewe na si picha zake, zinasomeka, za Kiswahili zimo, bure, lakini hizo si za mtihani.

Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2020, ule unaoruhusu kitabu kigeuzwe kwa ajili ya wasioona bila kumwomba mwenye haki. Ruhusa basi ipo, anayegeuza ndiye simwoni. Kwetu nageuza mimi: baada ya Isha nachapa kurasa mbili kwenye WhatsApp, namtumia, asubuhi anasikiliza akinywa chai.

Juzi kaniita jikoni. "Mama, bahari umeiandika bahri. Rudia."