FJ40 kuukuu, mawe ya Nyiragongo na gesi ya propani: miezi minane baadaye

Gari langu ni Land Cruiser FJ40 ya 1979, injini 2F ya lita 4.2. Aliyeniuzia alilikimbiza kwenye mashindano. Mimi nalipandisha mawe ya lava huku Munigi, karibu na Goma, chini ya volkano ya Nyiragongo. Likiinama sana, esansi (petroli) ilikuwa inahamia upande mmoja wa bakuli la kabureta, kile kifaa kinachoichanganya na hewa; boya linalopima esansi humo linadanganyika, injini inafurika au inakauka, inazima. Kuzimikiwa katikati ya mwamba pua ikiwa angani, na breki zenyewe ni za umri ule, si jambo la kumwombea mtu.

Ndiyo maana miezi minane iliyopita nilimpa fundi alifungie mfumo wa gesi ya propani. Propani haina bakuli wala boya. Inatoka kwenye tangi ikiwa majimaji, inapita vali inayofunguka pale tu injini inapovuta, inaingia kwenye konveta inayopashwa na maji ya rediata. Humo inageuka mvuke, ndipo mikisa inaichanganya na hewa. Gari liiname litakavyo, injini haina habari.

Majirani waliniuliza kama ndiyo gesi ya ziwa Kivu. La! Ile ni methani, wanayowashia umeme ng'ambo ya Rwanda, na mgandamizo peke yake hauigeuzi majimaji. Yangu ni gesi ya kupikia, mchanganyiko wa propani na butani; hiyo inakubali, na baridi ya Goma haiisumbui.

Fundi alifanya kazi safi isipokuwa moja: konveta aliifunga juu kuliko rediata. Hewa ikajikusanya humo, maji ya moto hayakufika. Siku ya kwanza mlimani, jua likiwaka, konveta ikavaa barafu nyeupe na injini ikaanza kukohoa. Nilimpigia simu. “Papa, ongeza maji,” akasema. Niliongeza mara tatu. Mwishowe konveta niliishusha mwenyewe kwa sentimita 20 hivi, nikatoa hewa kwenye mipira ya maji, basi. Hela ya kazi hiyo hakunirudishia.

Tangi ni la gari, lita 60, na vali yake inakataa gesi ikifika asilimia 80, yaani lita 48. Mtungi wa jikoni msiufunge kwenye gari, hata fundi akiapa. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inajaa chini, kwa hiyo nikinusa harufu ile ya yai bovu siwashi kitu.

Ulaji umepanda: lita 24 za esansi kwa kilomita 100 zimekuwa 31 za gesi, maana lita ya propani ina nishati pungufu kuliko ya esansi. Nguvu imepungua kidogo pia, ingawa kuwahisha moto wa plagi kumerudisha sehemu yake. Oili, lakini! Baada ya kilomita 3,000 bado ina rangi ya chai, haijawa nyeusi.

Nikienda Butembo nachukua gari la mdogo wangu, la mazutu (dizeli). Gesi ya njiani siitegemei.