Bawabu alituharibia Haydn

Sijui nitoe nyota ngapi, na hilo peke yake linaniudhi. Wanamuziki nawapa zote tano. Waandaaji wa tamasha nawapa moja, nayo ni kwa sababu tu mfumo haukubali sifuri.

Nusu ya kwanza ilikuwa ya mtunzi Bach, ile konseto ya fidla mbili, yaani fidla mbili zikiongoza na okestra ikizisindikiza, nayo ilipigwa vizuri mno. Sina la kusema hapo. Shida ilikuja mwishoni, kwenye Simfoni Na. 45, kazi ndefu ya okestra ya mtunzi Haydn, ile ya kuaga.

Kwa asiyeijua: ni ya mwaka 1772. Haydn alikuwa mwajiriwa wa mwanamfalme Nikolaus Esterházy, na inasimuliwa kwamba mwaka huo bwana mkubwa alikawia kwenye kasri lake la mashambani kupita kiasi, huku wanamuziki wakiwa wameacha wake na watoto mjini Eisenstadt. Kumkabili bosi na kumwambia "tumechoka, tunataka kwetu" si mchezo. Haydn akamwambia kwa muziki. Sehemu ya mwisho inaanza kwa kasi, halafu ghafla inakatika, unaingia muziki wa taratibu, na wapigaji wanaanza kuondoka mmoja mmoja, kila mtu akimaliza kipande chake, mpaka zinabaki fidla mbili tu. Yaani kuondoka kwao NDIYO simfoni yenyewe.

Sasa basi. Kila mpigaji alikuwa na kitaa kidogo kwenye stendi yake ya noti. Mpiga obo, ile zumari ya okestra, akamaliza, akazima chake, akatoka. Wa baragumu akafuata. Ikafika zamu ya besi kubwa, ile kama fidla kubwa kuliko zote, ambayo Haydn ameipa kipande chake yenyewe, jambo ambalo wapiga besi hawalioni kila siku. Yule dada alikuwa amefumba macho, vidole vinapanda shingo ya besi, ukumbi mzima kimya.

Taa za ukumbi zikawaka. Zote! Milango ya nyuma ikafunguliwa kwa kishindo, na bawabu akiwa na redio yake ya mkononi inayokoroma akaanza kutuonyesha njia: "Haya, tupungue, tupungue."

Watu wa safu za nyuma wakainuka na mikoba yao. Mimi niko pembeni, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Kijana, muziki bado." Akanijibu bila hata kushusha sauti: "Mama, si unaona wenyewe wanaondoka? Wewe unabaki kufanya nini?"

Nikiwa nimetulia nasema kijana hana kosa. Hakuna aliyemweleza. Ukiweka kazi ya namna hii kwenye ratiba, dakika mbili za kuwaambia watu wa mlangoni na wa taa kwamba wapigaji wataondoka na wao wasiguse kitu, zinakushinda nini? Hapo lawama ni za waandaaji. Lakini nikikumbuka lile "unabaki kufanya nini", utulivu unaniisha. Kutojua ni kitu kimoja, ufidhuli ni kingine. Masikio alikuwa nayo. Besi ilikuwa bado inalia!

Na wale wa fidla mbili, Mungu awape maisha marefu, hawakuacha. Wamevisha fidla vile vibanio vya kufifisha sauti kama Haydn alivyoagiza, kwa hiyo sauti ni ndogo mno, na bado walipiga hadi noti ya mwisho huku viti vikigongana na redio inaita "geti la pili, geti la pili". Safu za mbele tulisimama tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Kwa hao wawili ningelipa tiketi mara mbili.

Nililalamika kwenye meza ya tiketi. Nikaambiwa, "Lakini si umesikia muziki wote?" Nilikuwa nimeshaandika nyota tatu hapa. Nimeondoa moja. Okestra ikija tena nitakwenda, mnisamehe, siwezi kujizuia, ila wakipangiwa ukumbi uleule na watu walewale wa mlangoni, nitataka fedha yangu kabla ya kukaa.